Chungu cha Pili

Kila asubuhi kabla ya shule, Sebati Behera alikuwa na kazi moja ambayo hakuna mwingine nyumbani aliyeitaka: kutoa viluwiluwi kwenye shimo la udongo. Baba yake, mzee Dhaneswar, alikuwa mfinyanzi, na udongo wake ulilowekwa shimoni nyuma ya nyumba. Mvua zilipoanza, vyura wa miti walitaga mayai ndani ya povu jeupe kwenye migomba iliyoinamia shimo, na viluwiluwi wakadondoka majini kwa mamia. Kiluwiluwi akikandwa pamoja na udongo, chungu hupasuka tanuruni. Kwa hiyo Sebati aliwachota kwa kibakuli, akawahamishia bwawani, kisha akala wali wake wa jana uliolala majini, kwa kitunguu na pilipili, akakimbilia shule.

Mwaka huo udongo ulikaa bila kukandwa. Baba alikanda kwa miguu, na mguu wake wa kulia ulikuwa na kidonda. Alikuwa na ugonjwa wa sukari. Kigae kilimchoma kidole asisikie maumivu, kidole kikaoza, na hospitali wakakikata. Sasa kila baada ya siku mbili alitakiwa kwenda zahanati, muuguzi Kabita amsafishe kidonda.

"Ukiacha kuja, mzee," muuguzi alimwonya, "safari ijayo hatutazungumza habari ya kidole. Tutazungumza habari ya mguu."

Kila Alhamisi kulikuwa na gulio kando ya barabara kuu, na msimu huo alikuja muuza mafuta ya dawa mmoja aliyeitwa Natabar. Alikuwa na kilemba cha manjano na sauti ya kuamsha waliolala. Mbele yake aliweka chupa kubwa ya kioo yenye viluwiluwi.

"Sogeeni! Alhamisi iliyopita niliwakata hawa mikia mbele yenu. Uongo?"

"Kweli!" watu wakaitikia.

"Nikawapaka mafuta yangu. Haya, tazameni! Mikia imerudi. Na si mikia tu, hata miguu inachipua! Mafuta yanayomwotesha kiluwiluwi miguu yatashindwa na kidole cha binadamu?"

Sebati alijipenyeza hadi mbele, akatazama. Mikia ilikuwa imerudi kweli. Karibu na tumbo, vijiguu vidogo vilikuwa vimetokeza. Alikimbia hadi nyumbani bila kusimama.

"Baba! Nimeona kwa macho yangu! Kidole chako kitaota!"

Baba alimtazama binti yake. Sebati hakuwa mtoto wa kusema uongo, na baba alijua hivyo. Jioni ile ile mafuta yalikuwa nyumbani, na mzee Dhaneswar akatangaza kwamba haendi tena zahanati. "Yule Kabita ananisugua kidonda kama anasugua sufuria," alisema, akajipaka mafuta kwa unyoya.

Baada ya siku tano nyumba ilianza kunuka. Mama alichoma ubani asubuhi na jioni. Sebati alijua ubani ule ulikuwa wa nini, na chakula kikamshinda.

Siku ya sita alikuwa shimoni na kibakuli chake, akamchota kiluwiluwi mmoja aliyeumwa mkia. Haikuwa ajabu; kerengende wachanga, wale wadudu wakali wanaoishi majini, huwauma kila siku. Lakini pale mkia ulipokatika palikuwa na ncha mpya, nyembamba na angavu kama ukucha wa mtoto. Akachota mwingine. Naye vilevile. Hawa nani aliwapaka mafuta?

Halafu akakumbuka miguu, akaona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Miguu! Yeye, binti wa mfinyanzi, aliyetoa viluwiluwi wenye miguu tangu ana miaka sita, alisimama gulioni akaishangaa miguu ya kiluwiluwi kama mtu ambaye hajawahi kuona chura!

Alimfuata baba kitandani. "Baba, nilikosea. Mikia yao inaota yenyewe. Twende kwa muuguzi, tafadhali."

"Wewe si ndiye uliyeniambia umeona kwa macho yako? Leo macho yamekuwa mengine?"

"Niliona mkia, baba. Sikuona dawa."

"Basi! Mtu mzima habadilishi dawa kila mtoto anapobadilisha maneno."

Sebati alikwenda kumwita muuguzi. Kabita alikuja kwa baiskeli mara mbili, na mara zote mbili baba alifunga mlango akasema amelala. Sebati alilia, lakini alipomaliza kulia alikasirika, na hasira hiyo ilimfaa zaidi. Alichukua vyungu viwili vinavyofanana, akatia maji ya bwawa. Akatafuta shimoni viluwiluwi kumi walioumwa mikia, watano huku, watano kule. Wa chungu kimoja aliwapaka mafuta ya Natabar kila siku. Wa chungu cha pili hakuwapaka kitu. Wote aliwalisha mchicha uliochemshwa, na wote aliwabadilishia maji kila asubuhi. Chini ya kile cha mafuta alichora msalaba kwa mkaa.

Alhamisi ya wiki iliyofuata ilipofika, alivibeba vyungu vyote viwili hadi gulioni. Baba naye alikuwa huko, ameletwa na jirani kwa baiskeli kununua chupa nyingine. Natabar alikuwa katikati ya maneno yake.

"Miguu hiyo hata kwenye shimo letu inaota!" Sebati alipaza sauti. "Na hakuna anayeipaka chochote!"

Watu wakageuka. Natabar akacheka. "Tazameni maajabu! Binti wa mfinyanzi amekuja kunifundisha utabibu. Nenda kafinyange, mama!"

"Nimefinyanga, mjomba. Hivi hapa." Akaweka vyungu chini. "Wote hawa waliumwa mikia. Chungu kimoja nimewapaka mafuta yako siku saba. Kingine sikuwapaka. Cha mafuta kina msalaba wa mkaa chini yake. Haya, chagua. Kipi ni chako?"

Natabar aliinama, akaingiza pua chunguni.

"Usinuse! Maji nimebadilisha leo. Tazama mikia."

Mikia ilikuwa imerudi katika vyungu vyote viwili, na wawili katika kila chungu walikuwa wameanza kuota miguu. Watu walibanana kutazama. Mwanamke muuza biringanya akasema, "Chagua basi, tabibu, tumesimama na jua hili." Natabar alifuta jasho, akaelekeza kidole kwenye chungu cha kushoto.

Sebati alikiinua juu watu waone chini yake. Hapakuwa na alama yoyote. Kisha akainua cha kulia, na msalaba wa mkaa ukaonekana na kila mtu. Kicheko kilipasuka gulio zima.

"Sebati!" Ilikuwa sauti ya baba. "Unanitia aibu mbele ya watu?"

Sebati hakusogea. "Mimi ndiye niliyekuambia ununue, baba. Wote wasikie. Nilikosea mimi. Ukitaka kunipiga, nipige hapa hapa, lakini baadaye twende zahanati."

 Mzee Dhaneswar alitazama chupa mpya mkononi mwake, akaiweka juu ya meza ya Natabar. Halafu akamgeukia jirani mwenye baiskeli. "Nipeleke kwa Kabita," alisema.

Kabita aliwapeleka hospitali siku hiyo hiyo. Kidole cha pili kilikatwa, lakini mguu ulisalimika. "Wiki moja zaidi," daktari alimwambia mama, "tungeukata huu mguu." Natabar hakuonekana tena kwenye gulio lile.

Mvua zilipokwisha, kidonda kilikuwa kimefunga. Muuguzi alimkataza baba kukanyaga udongo peku maisha yake yote, kwa hiyo alinunua mabuti ya mpira na kuingia nayo shimoni. Majirani walimcheka. "Chekeni," alijibu. "Mguu ni wangu."

Asubuhi moja alimwita Sebati kando ya shimo. Vile vyungu viwili vilikuwa juu ya rafu ya mauzo, na baba akavishusha, akampa.

"Hivi haviuzwi," alisema. "Sikiliza, mwanangu. Ulikosea, na mimi nilikosea zaidi yako, maana nilikuwa mtu mzima na mguu ulikuwa ukininukia mwenyewe. Lakini wewe ulipogundua kosa hukulificha. Ulilisema mbele ya gulio zima. Kwa hiyo shika hili: mtu akikuonyesha ajabu katika chungu kimoja, mwombe akuonyeshe na chungu cha pili. Akikasirika, ujue hana. Achana naye, rudi nyumbani."

"Na kama sitaki kurudi nyumbani?"

Baba alivuta mabuti yake, akaingia kwenye udongo.

"Basi mpigie kelele," alisema, "kama ulivyofanya."