Kisomanjaa cha Ghorofa ya Tisa

Lugano alizungusha kitufe hadi palipoandikwa "Shibe", akasubiri sanamu ibadilike. Sanamu hiyo ya mpira, yenye kimo cha mtu mzima, ilikuwa imeketishwa kwenye kiti cha ukaguzi mbele ya kaunta. Taratibu vidole vyake vilipoa. Mapigo yaliyodunda chini ya ngozi ya bandia yakawa mepesi, na pumzi iliyotoka kinywani ikawa kavu. Juu ya mlango, jicho jeusi la kisomanjaa liliisoma kwa sekunde tatu. Kwenye kioo cha bei, pembeni ya picha ya sahani ya wali na maharage, namba zikapanda: elfu tatu, elfu tano, elfu tisa na mia mbili. Zikasimama hapo.

"Sahihi," alisema peke yake, akaweka alama kwenye kibao chake cha kielektroniki.

Akazungusha kitufe hadi "Njaa". Sanamu ikapata joto, mapigo yakatulia, pumzi ikawa na unyevu. Bei ikashuka hadi elfu mbili na mia moja. Sahihi tena.

Kisomanjaa kilibuniwa kwa nia njema. Miaka kumi na miwili nyuma, minara ya Dodoma ilipoanza kujengwa, majiko hayakuwekwa katika nyumba, ili kuokoa maji na umeme. Kila ghorofa tisa zilipewa mgahawa mmoja, ambamo mikonopishi, yaani mikono ya chuma iliyoning'inia darini, ilipika tangu alfajiri bila kuchoka. Kwa kuwa watu wote sasa walilazimika kula nje ya nyumba zao, Halmashauri ya Minara ilitaka bei iwe ya haki. Mwenye njaa alipe kidogo. Aliyeshiba, anayetaka tu kuongeza, alipe zaidi ili kufidia. Mashine isingeangalia nguo za mtu wala kazi yake. Ingesoma mwili, na mwili, walisema, haujui uongo.

Hata hivyo bei zilipanda mwaka hadi mwaka. Watu walilaumu mvua, kisha mbolea, kisha vipuri vya mikonopishi. Wiki iliyopita yalikuja malalamiko ya maandishi kutoka ghorofa ya saba, na Lugano, fundi msawazishaji wa vipimo vya visomanjaa, akatumwa. Sheria iliagiza kwamba wakati wa ukaguzi chakula kiuzwe kwa kila mtu kwa bei ya msingi, elfu tatu, hata kioo kisome nini. Kifungu hicho kilikuwa hakijamnufaisha yeyote. Mafundi walikuja asubuhi, wakamaliza kwa nusu saa, wakaondoka kabla ya watu wa mchana kufika.

Mama Chalula, msimamizi wa mgahawa, alitoka nyuma ya kaunta na sahani inayofuka moshi, akaiweka mbele yake.

"Kula, mwanangu. Fundi mwenye tumbo tupu atatuharibia mashine."

"Nashukuru, mama. Nimeshiba."

Hakuwa ametia kitu kinywani tangu jana jioni. Mama Chalula naye hakuiondoa sahani. Aliiacha pale pale, akarudi kwenye kazi zake.

Saa nne hivi aliingia mwanamke mwembamba wa miaka kama arobaini, mkanda mpana wa ngozi ukiwa bado kiunoni mwake. Ulikuwa mkanda wa wale wanaoning'inia nje ya mnara kusafisha vioo vya umeme wa jua.

"Hodi. Naambiwa nije kuonana na fundi."

"Karibu, dada. Wewe ndiye uliyeandika?"

"Ni mimi. Naitwa Sikudhani Mpelembe. Sikuja kugombana na mashine, kaka. Haina masikio."

"Ina jicho," alisema Mama Chalula kutoka kaunta. "Hilo tu linatumaliza."

Lugano alimwomba aeleze kwa utaratibu, naye akaeleza, akihesabu kwa vidole. Jumatatu sahani ilikuwa elfu nne. Hakuwa na hizo, akanunua chai. Jumanne ikawa elfu sita, akanywa maji. Jana ilipita elfu nane. Jana hiyo hiyo, akiwa nje kwenye kamba, usawa wa ghorofa ya ishirini, mkono wake wa kulia ulilegea ukaachia. Mkanda ndio uliomshika.

"Jirani yangu anakula mara tatu kwa siku," alisema. "Yule akiingia, mashine inamchekea. Elfu mbili. Mimi nikikosa leo, kesho ni ghali zaidi. Nikikosa kesho, keshokutwa hata sahani yenyewe sitaiangalia. Sasa niingilie wapi?"

Lugano hakupenda kumkatisha mtu tamaa. "Mashine imepita majaribio yote, dada. Lakini tutaangalia pamoja," alisema, akampa mkono.

Mkono wa Sikudhani ulikuwa baridi. Lugano aliushika kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyostahili, kwa sababu aliujua ubaridi ule. Asubuhi nzima alikuwa ameugusa kwenye vidole vya sanamu.

Aliinyanyua sanamu kutoka kwenye kiti, akaisimamisha ukutani, akamwomba Sikudhani aketi. Jicho jeusi likamsoma. Kioo kikaandika: *Shibe, tisini na moja kwa mia. Shilingi elfu tisa na mia nne.*

"Dada, samahani. Mara ya mwisho umekula lini?"

"Nimeshiba tu, kaka."

Lugano alisogeza ile sahani katikati ya meza. "Basi karibu tule."

"Ahsante, nyie endeleeni. Mimi nimetoka kula."

Mama Chalula aliangua kicheko. "Umetoka kula wapi, Sikudhani, na jiko la ghorofa zote hizi ni hili langu?"

Sikudhani aliangalia mikono yake. Mikonopishi iliendelea kukoroga juu yao. Lugano aliweka kibao chini. Mambo mawili aliyokuwa ameyajua kwa miaka mingi, kila moja mahali pake, yalikuwa yamekutana: adabu ya kusema umeshiba, na namna mashine ilivyofundishwa.

Miaka ile kumi na miwili nyuma, ni yeye aliyewauliza watu. Hakuwa na shahada. Umeme alijifunza kwa kufungua redio mbovu na kuzifunga tena, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kukusanya vipimo vya watu elfu tatu ili kisomanjaa kifundishwe. Kila mtu alivishwa bangili za kupimia, kisha Lugano akamuuliza swali moja: "Umeshiba au una njaa?" Waandaaji, kwa ukarimu wao, walikuwa wameweka sufuria za pilau nyuma yake.

Hapo ndipo kosa lilipoingia. Aliyeulizwa hakumwona fundi. Alimwona mwenyeji aliyesimama mbele ya chakula chake, na mbele ya mwenyeji mtu aliyelelewa vizuri ana jibu moja tu. Nimeshiba, nashukuru. Walijibu hivyo wazee waliotembea tangu alfajiri, na akina mama ambao midomo ilikuwa imewakauka. Walijibu wakingoja wasihiwe mara ya pili na ya tatu, kama inavyofanyika katika kila nyumba. Fomu haikuwa na nafasi ya kumsihi mtu. Lugano aliandika "Shibe", akaita anayefuata. Waliokiri njaa walikuwa wachache, wenye vitambi vyao, waliozoea kutania: "Mimi hata nikila, nafasi haikosi."

Wataalamu waliosoma vipimo walishangaa kidogo kwamba vidole vya walioshiba ni baridi. Wakaandika kwamba damu imekimbilia tumboni kusaga chakula. Maelezo yalionekana ya kisomi, na hakuna aliyeuliza tena. Kisha sanamu ikatengenezwa kwa vipimo vile vile. Kwa hiyo mashine ilipokaguliwa kwa sanamu, zilikubaliana daima, na kadiri watu walivyokula kidogo ndivyo bei ilivyopanda.

Lugano alikwenda kwenye simu ya ukutani akampigia mkuu wake, Injinia Kihwelo. Alimweleza yote polepole, tangu mwanzo.

"Sanamu imepita?" Kihwelo aliuliza.

"Imepita, Injinia. Ila sanamu ilifundishwa na watu wale wale."

"Visomanjaa viko vingapi mjini?"

"Mia nne na kumi. Vyote nimevisawazisha mimi."

Kihwelo alivuta pumzi. "Nisikilize. Ukiandika sahihi, kinaendelea kama kilivyo. Ukiandika kibovu, mgahawa unafungwa leo, na haufunguliwi mpaka kigezo kipya kipatikane. Kigezo kipya kinataka watu elfu tatu. Ghorofa tisa zile zitakula nini muda wote huo? Nyumbani hawana hata mahali pa kuchemshia maji."

"Najua, Injinia."

"Ile pilau niliiagiza mimi," Kihwelo alisema baadaye, kwa sauti ya chini. "Niliona haifai watu watoke mbali halafu wasikute kitu." Kisha akarudi kwenye sauti yake ya kikazi. "Fomu niipate kesho saa sita mchana. Ikipita hapo, watamtuma fundi mwingine, naye atakuja na sanamu."

Lugano alirudi mezani akaifungua fomu. Chini kabisa palikuwa na visanduku vitatu. Cha kwanza kiliandikwa *Sahihi*. Cha pili, *Kibovu*. Cha tatu, ambacho hakukumbuka kukitia alama hata siku moja, kiliandikwa *Ukaguzi unaendelea*. Alikiangalia kwa muda, kisha akakitia alama.

Kioo cha bei kiligeuka rangi. Elfu tatu, kwa kila mtu.

"Mpaka lini?" Sikudhani aliuliza.

"Mpaka kesho saa sita. Baada ya hapo sijui."

Alifungua ukurasa mpya kwenye kibao, akavaa bangili za kupimia, akaketi yeye mwenyewe kwenye kiti. Kisomanjaa kikamwandikia shibe themanini na nane. Alichotakiwa kufanya ni kusema maneno mawili kwa sauti ili yaandikwe pamoja na vipimo. Alifungua kinywa, akamwona Mama Chalula amesimama na mwiko wake, akajikuta anatabasamu kwa aibu.

"Sema tu, mwanangu," Mama Chalula alisema. "Sahani yangu imepoa."

"Nina njaa," alisema Lugano. Masikio yalimwaka.

Alipomvisha Sikudhani bangili, aliiondoa sahani mezani kwanza, kisha akaketi upande mmoja naye, ili asiwe mbele yake kama mwenyeji. Sikudhani aliangalia sakafu. Akasema nimeshiba. Akacheka kidogo, akajipangusa uso kwa kiganja. Lugano hakuandika kitu. Alimuuliza tena, na mara hii alisema kweli, kwa sauti iliyosikika kwa shida. Ndipo Mama Chalula alipomletea sahani ya moto, naye akala bila kuinua kichwa.

Saa sita watu waliingia, wakaona elfu tatu, wakasimama kwanza wakidhani kioo kimeharibika. Foleni ikafika mlangoni. Lugano alipita na bangili zake kwa mmoja baada ya mwingine.

"Baba, una njaa?"

"Aa, nimeshiba, fundi. Nashukuru," alijibu mzee aliyeshika sinia tupu kwa mikono miwili.

Hadi saa kumi jioni, watu mia na zaidi walikuwa wamekula, na fomu zilizofaa zilikuwa tisa.

"Nizime mashine?" Mama Chalula aliuliza, akifuta kaunta.

"Usizime, mama. Na sanamu iache hapo hapo. Kazi haijaisha."

Sikudhani, aliyekuwa amerudi kutoka kwenye kamba kuchukua chai, alisimama mlangoni akifungua mkanda wake.

"Kesho asubuhi nikija, utaniuliza tena?"

"Nitakuuliza. Vipimo vya siku moja havitoshi."

"Basi uliza mara mbili, kaka. Mara ya kwanza nitakudanganya."

Alipoondoka, Lugano alivuta kibao karibu. Pembeni ya swali lile la miaka kumi na miwili aliongeza safu mbili ambazo fomu haikuwahi kuwa nazo: *Mara ya pili. Mara ya tatu.* Kisha akahesabu waliobaki. Watu elfu mbili mia tisa na tisini na mmoja, na asubuhi moja. Alizungusha kitufe cha sanamu hadi katikati, kati ya Shibe na Njaa, akakiacha hapo, akaenda zake.