Sabuni ya Mtoto wa Bakari

Land Cruiser ilikohoa. Mara moja. Mara mbili.

Ikazima.

Mbele, vumbi la Hilux nyeupe lilizidi kupotea kwenye barabara ya Kindu. Ndani ya Hilux alikuwamo Nestor, amefungwa kamba. Ni mchimbaji aliyewaona wageni wakificha bunduki shimoni. Kwenye uwanja wa zamani wa ndege, nje ya Mikelenge, ndege ilikuwa ikimngoja.

Ikiruka naye, hatarudi.

Redio ya Motorola ilikwaruza.

"Kanga, hapa Kambi. Uko wapi?"

"Nimesimama," alijibu Victorine, askari aliyekuwa akiifukuza Hilux. "Gari."

"Tena?"

"Tena."

"Watu wetu wanavuka mto, watachelewa. Ndege isiruke."

Bakari, dereva wake aliyemwita Yaya, yaani dada mkubwa, alikuwa ameshafungua boneti.

"Hii njo bobine, Yaya. Iko inachemka. Tuiache ipoe, itawaka."

Bobine ndiyo inayotuma moto kwenye plagi. Ikichoka, injini hufa. Bakari alisema hivyo tangu Kibombo, kila gari lilipozima. Na kila mara alimtandikia Victorine kitambaa chake kichwani, jua lisimchome. Kisha alimbipu mkewe: mlio mmoja, akakata. Mke ajue yuko mzima.

Victorine hakuwahi kumshuku. Wakati wa vita Bakari alimvusha Lualaba kwa mtumbwi, akamvika shati lake kavu, yeye mwenyewe akatetemeka hadi kulipokucha.

Gari liliwaka. Safari hii Victorine alisikiliza.

"Baba Divine, bobine ikikufa, gari inakohoa kwanza?"

Bakari alitazama barabara. "Gari ya zamani, Yaya. Iko na tabia zake."

Hapana. Moto ukikatika, injini hunyamaza papo hapo. Hii ilikuwa ikiishiwa nguvu kidogo kidogo, kama mtu aliyenyimwa maji.

Ikakohoa tena. Ikazima.

Bakari akaenda mbele, kwenye boneti. Victorine akaenda nyuma. Akafungua kifuniko cha tangi la petroli.

Fyuuu!

Tangi lilivuta hewa kwa nguvu. Akageuza kifuniko. Tundu lake la kupumulia lilikuwa limezibwa. Petroli ikitoka, hewa haikuweza kuingia. Tangi lilibana, petroli ikagoma kushuka. Gari likipumzika, hewa ilipenya kidogo, likawaka.

Akachokoa kwa ncha ya kisu.

Sabuni.

Madereva wa Maniema huziba tangi linalovuja kwa sabuni. Lakini tangi hili halikuvuja. Na sabuni hii ya mawese ilinukia mchaichai. Victorine aliichemsha kwa mikono yake, akaipeleka nyumbani kwa Bakari alipozaliwa Divine, mtoto waliyemngoja miaka mingi.

Alizunguka gari. Makarov mkononi.

"Hii njo sabuni ya mutoto."

Bakari alitazama kifuniko, si bastola.

"Yaya..."

"Mama Anne alitufungia wali kwenye majani leo asubuhi, kule Tunda. Fungu kubwa alikupa wewe. Ukakula. Ukamuambia aksanti. Na Nestor njo mutoto wake."

"Niko dereva wa gari ya watu tangu vita. Wale wageni walisema watanipa gari yangu mwenyewe. Walisema njo kuchelewesha tu."

"Na bip?"

Bakari aliinamisha kichwa. "Gari ikizima, nabipu. Wajue muko mbali."

Kumbe mke hakuwahi kupigiwa.

Victorine alimfunga pingu mkono mmoja kwenye kiti. Akashika usukani. Injini iliwaka na kunguruma bila kukohoa.

"Bipu."

"Lakini gari iko inatembea!"

"Bipu, Baba Divine."

Mlio mmoja. Akakata.

Uwanjani hakuna aliyekuwa na haraka. Wageni walikunywa bia ya Primus karibu na Hilux. Rubani alilala kwenye kivuli cha bawa. Nestor alikuwa chini, kamba mikononi.

Land Cruiser ilipita katikati yao na kusimama pua kwa pua na pangaboi la ndege.

Victorine alizima.

"Ondoa hiyo gari!" kiongozi wao alifoka.

"Imezima," alisema Victorine. Ufunguo akautia mfukoni. Bastola akaiacha nje. "Tungoje ipoe."

Mdomo wa bastola ulimwelekea kiongozi. Wakangoja, mikono juu, mpaka magari mawili ya Kambi yalipoingia langoni.

Victorine alimkata Nestor kamba. Akampa wali wake, ambao hakuwa ameugusa.

"Wa mama yako. Kula polepole."

"Yaya!" Bakari aliita kutoka kwenye kiti. "Na mutoto wangu?"

Victorine alisimama. Kitambaa cha Bakari kilikuwa bado kichwani kwake. Alikivua, akakikunja vizuri, akakiweka juu ya goti la Bakari.

"Nitamupelekea sabuni ingine."

Akatupa ufunguo kwa askari wa kwanza, akaondoka kwa miguu kuelekea Mikelenge, jua likimwakia kichwani.