Aida Alivyojiita Jina la Mwanangu

"Naitwa Raihana," Aida alisema mbele ya watu. "Binti wa mfanyabiashara wa Kilwa."

Ukumbi mzima ukampigia makofi.

Mie sindano ilinichoma kidole na wala sikusikia maumivu...

Wapenzi wasomaji, nivumilieni, maana naandika haya huku nalia. Raihana si jina la kuokotwa njiani. Raihana ni mwanangu. Na katika dunia nzima nilikuwa nimemtajia mtu mmoja tu jina hilo. Ndiye huyo aliyesimama mbele yangu, kavaa gauni nililomshonea kwa mikono yangu.

Ngoja niwaeleze tulifikaje pale.

Naitwa Asmahan. Kwetu Unguja, ila kwa sasa ni Sparkbrook, hapa Birmingham, nashona nguo kwenye kiduka karibu na Ladypool Road. Aida ni shoga yangu tangu skuli. Mwaka jana alinishika mkono akanipeleka Acocks Green, kwenye kikundi cha watu wazima, wenye akili zao timamu, wanaovaa nguo za miaka mia saba iliyopita na kujifanya watu wa zama hizo. Kila kiangazi wanapiga mahema shambani huko nje ya Northfield, wanapika kwa kuni, na simu hawataki hata kuiona.

"Aida, hawa wazima kweli?"

"Wazima. Na wanatafuta mshonaji. Utoke ndani, shoga."

Nikatoka ndani. Nikawashonea. Na nikapapenda, siwafichi.

Kiongozi wao ni Jemima, mama wa Kizungu aliyestaafu, mkali kama mwalimu wa chuo cha Kurani. Sharti lake kubwa ni jina. Kila mmoja achague jina ambalo kweli wanawake wa zama zile waliitwa, alitangaze mbele ya wenzake, na likishatangazwa hakuna mwingine wa kulichukua. Shambani utaitwa hilo hilo. Reena, muuza viungo wa mtaani kwetu, alijiita Matilda, tukacheka mpaka basi.

Mie sikuwa na haja ya kutafuta. La kwangu nilikuwa nalo siku nyingi.

Kwetu mtoto hatangazwi jina mpaka siku ya saba. Mimi na mume wangu, Feisal, tulikubaliana: akiwa wa kiume atachagua yeye, akiwa wa kike nitachagua mie, na tusiulizane mpaka siku hiyo ifike, mtoto anyolewe, mbuzi achinjwe, jina litajwe.

Akazaliwa wa kike. Kadogo, kana vidole virefu vya bibi yake. Aida alikuwa amekaa nami wodini, nikashindwa kujizuia, nikamnong'oneza: huyu ataitwa Raihana.

Siku ya saba haikufika... Tulimzika wa siku tano.

Imamu alituambia hata aliyetangulia hupewa jina. Feisal akainamisha kichwa, mie nikalia, likapita. Kwenye jiwe lake pameandikwa Binti Feisal, basi. Hakuniuliza, na mie sikumwambia. Kila nilipotaka kusema nilimwangalia usoni, nikaona nitamtonesha kidonda, nikameza.

Miaka kumi na moja hiyo. Hatukujaaliwa mwingine. Wenzangu wote mtaani ni Mama fulani, Mama fulani. Mie ni Asmahan.

Ndiyo maana nilitaka jina lile niitwe mie shambani. Nilitaka tu watu walitamke kwa sauti juani, japo kwa siku mbili, kabla sijafa nalo. Aida nilimweleza yote haya. Akanisikiliza, akanipangusa machozi.

Na zamu yake ilipofika, kabla ya yangu, akalichukua.

"Na wewe, Asmahan?" Jemima aliuliza.

"Mie sina jina."

Nikachukua mkoba wangu nikatoka. Aida alinifuata mpaka stesheni, kashika pindo la gauni lisiburuzike.

"Nisikilize kwanza, Asma..."

"Umeniibia mtoto."

"Wallahi sivyo, mie nilitaka..."

"Wewe umezaa watatu, Aida. Hawajakutosha?"

Akaliachia pindo la gauni. Treni ikaja, nikapanda peke yangu.

Nikambloku. Nikajitoa kwenye grupu. Feisal akawa ananiuliza mbona Aida haonekani, namjibu ana kazi nyingi. Usiku nalala na hasira, asubuhi naamka na huzuni, na dukani gauni langu mwenyewe limening'inia halijatiwa mikono.

Kiangazi kilipokaribia, Jemima akaja dukani kuchukua nguo za wenzake.

"Lako bado?" akauliza, anaangalia lile gauni.

"Mie siji. Nilikwambia sina jina."

Akanishangaa. "Unalo. Rafiki yako alikutangazia ulipomwacha stesheni. Alirudi analia, lakini alilitangaza."

"Jina gani?"

"Ummu Raihana."

Mkasi ukanitoka mkononi...

Jemima hakuelewa nini kimenipata. Akaendelea kueleza kwamba zama zile, katika nchi za Waislamu, wanawake wengi waliitwa kwa mtoto wao, Ummu fulani, yaani Mama fulani, ndiyo maana alilikubali palepale.

"Ila jina hilo linataka mtoto awepo," akasema. "Aida akasema mtoto atakuwa yeye. Nikamwambia mmelingana umri, mtachekwa. Akasema acha tuchekwe."

Sikumpigia simu Aida. Ningemwambia nini kwenye simu? Nilikaa nikatia mikono ya gauni langu.

Siku ya mahema Feisal alinipeleka kwa gari, na sufuria la pilau nyuma, maana alisema chakula cha Wazungu wa miaka mia saba iliyopita hakiamini. Nikamwona Aida kwa mbali, kanipa mgongo, anaokota kuni.

Nikafungua mdomo. Jina ambalo nilikuwa nalisema moyoni kila siku, ulimi haukuwahi kulibeba kwa sauti.

"Raihana..."

Hakusikia. Nikavuta pumzi.

"Raihana!"

Kuni zikamwanguka. Akageuka taratibu, akaniangalia, na akaitika kama tulivyofundishwa kuitika tukiwa wadogo.

"Abee, mama."

Nikakaa chini kwenye majani. Akaja kupiga magoti mbele yangu, na hayo magoti yake yanavyomuuma.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa. Shoga yangu, ulisema unataka watu wakuite Raihana. Lakini mama haitwi jina la mwanawe, mama ndiye anayemwita. Miaka yote hii ulikuwa huna wa kumwita."

"Nisamehe maneno yale ya stesheni."

"Mimi mwanao sasa. Nikununie wewe niende wapi?"

Tukacheka na kulia kwa pamoja. Ndipo nikasikia sauti nyuma yangu.

"Raihana ni nani?"

Nilikuwa nimemsahau Feisal. Amesimama na sufuria lake.

Nilitaka kumeza tena kama nilivyozoea. Safari hii halikumezeka.

"Ni mwanao," nikamwambia. "Ndilo jina lake."

Akaliweka sufuria chini. Akapangusa mikono kwenye suruali, akapangusa tena, wala haikuwa na uchafu.

"Mie huenda kaburini kwake kila Ijumaa," akasema. "Sikukwambia, nilihofia utaumia. Namsalimia tu, namwita mama, mama. Sikuwa na jina la kumwita."

Miaka kumi na moja, jamani. Kila mmoja anamficha mwenzake mtoto wao wenyewe.

Akanyanyua uso.

"Raihana binti Feisal."

Alilisema mara moja, polepole. Aida hakumwacha bila jibu.

"Abee, baba."

Feisal akajifunika uso kwa mikono miwili. Tangu mazishi sikuwahi kumwona analia.

Ndugu zangu mnaosoma, kama nyumbani kwenu kuna mtoto aliyetangulia na hatajwi, mtajeni. Unanyamaza ukidhani unamhurumia mwenzio, kumbe naye ananyamaza kwa ajili yako, na mtoto amebaki hana wa kumwita.

Fundi wa mawe amesema jiwe jipya litakuwa tayari Ijumaa. Tutakwenda watatu, mimi, baba yake na Aida.

Na kuanzia leo, tafadhalini, niiteni Mama Raihana.