Waya wa Mwisho wa Takama

Asubuhi ile Takama alikuwa akikamua mbuzi, kama siku zote, binti yake Ghaisha aliporudi kutoka korongoni bila kuni na bila sauti. Akaketi hemani, akaigeuzia nguzo uso. Tangu hapo hakula wala kusema. Kambi nzima ilijua amepitiwa na Watu wa Upweke, wale majini wakaao jangwani mahali pasipo na mtu.

Wanawake walimpigia ngoma mpaka ngozi ikalegea. Wapi. Mganga, Bibi Tamumt, alimwekea sikio kifuani, kisha akanong'ona:

"Ngoma haimtoshi. Aliyemo anataka nyuzi. Na mkono uwe wa aliyemzaa."

Takama hakuwahi kushika gitaa. Alichukua debe tupu la mafuta, akalichomeka ubao wa mgunga, akafunga nyaya za breki za baiskeli, na juu ya ubao akapachika vipande vya spoki vya kugawia sauti. Binamu yake Mossa, mtani wake tangu utotoni, aliyewahi kupiga gitaa harusini, akaja kumfundisha.

"Vidole vya kutwangia uwele hivyo," alimtania. "Unanyonga waya kama shingo ya kuku. Usikanyage juu ya spoki, binamu. Kanyaga nyuma yake, karibu kabisa, kwa ncha ya kidole. Gumba likae mgongoni mwa ubao."

"Si ndivyo ninavyofanya?"

"Mbona inalia kama nzi chupani?"

Takama hakucheka. Ncha za vidole zilipasuka. Akazipaka samli, akaendelea. Ghaisha alikuwa amekwisha, amebaki macho na mifupa. Kisha Mossa akaenda kunywesha ngamia kwenye kisima cha mbali, akamwacha mama wa watu na nyuzi zinazokoroma.

Mchana mmoja, kambi imelala kwa joto, sauti ilinong'ona nyuma yake.

"Kidole cha pili kimelala. Kisimamishe."

Alikuwa Ghaisha. Macho kafumba. Lakini sauti haikuwa yake. Ilikuwa kavu, ya mtu mzima, ya mtu ambaye hajanywa maji siku nyingi.

Takama alitamani kukimbia. Akakisimamisha kidole. Waya ukalia safi.

Kila mchana sauti ilimsahihisha. Legeza kiwiko. Sogelea spoki. Usibonyeze kupita kiasi. Ikamfundisha na wimbo.

Mossa aliporudi, aliusikia kabla hajaliona hema. Akaingia amevuta kilemba hadi chini ya macho.

"Nani kakufundisha huo?"

"Mwanangu."

"Uache, Takama. Niliwahi kuusikia nikiwa peke yangu jangwani. Hapakuwa na mpigaji."

"Siwezi." Damu ilikuwa ikichuruzika ubaoni. "Leo nikinyamaza, hapumui."

Akamwonyesha. Aliinua vidole, kifua cha Ghaisha kikatulia. Akavirudisha. Kikapanda.

Basi akapiga. Mossa alimnywesha Takama maziwa kwa mkono wake, kama ndama. Jua likazama, akapiga. Waya mmoja ukakatika. Akapiga. Ukakatika wa pili. Alibaki na mmoja, akausaka wimbo wote juu yake, spoki hadi spoki, akimwomba Mungu kwa midomo isiyotoa sauti. Kesho yake adhuhuri, nao ukakatika.

Kimya.

Kifua hakikupanda. Takama akamwangukia mwanawe, akamkumbatia kwa nguvu zake zote. Hakikupanda.

"Mama," ikasema sauti ndogo. "Unanibana."

Ilikuwa sauti ya Ghaisha mwenyewe. Akaomba maziwa, akayamaliza, akaomba mengine. Alipona, na ameshaolewa. Mkono wa kushoto wa mama yake haukukunjuka tena. Vidole vimebaki vimepinda, vinakanyaga hewa.

Mchana ule Mossa alitoka kwenda kuwaita watu. Hakufika mbali.

Mchanga kuzunguka hema ulikuwa umebonyea. Alama za magoti na makalio, za watu waliokaa wamebanana, safu nyuma ya safu, wote wameelekea hemani. Hapakuwa na unyayo wa kuingia. Hapakuwa na wa kutoka.

Akainama, akaweka kiganja kwenye alama iliyo karibu. Jua lilikuwa utosini, na mchanga ulikuwa baridi.