Fundi Ana Kinywa Chake

Mtaa mzima ulimwita dada huyu Fundi, maana hakuna aliyemshinda kwa kushona. Kisha ugonjwa ukampooza miguu. Cherehani yake ikakaa pembeni, imefunikwa shuka. Mama yake akawa anamwosha, anamvisha, na hata kumsemea.

Siku moja alikuja afisa ustawi wa jamii. Alikuwa binti wa chuo, mwaka wa mwisho, anajifunza kazi. Akakaa akimtazama mama.

"Analala vizuri?"

"Vizuri, mwanangu."

"Anapenda kufanya nini?"

"Afanye nini, maskini! Apumzike tu."

Afisa akaahidi kumtafutia Fundi nafasi katika kituo cha kulelea wasiojiweza. Mama akashukuru sana. Fundi akageukia ukutani, machozi yakamtoka. Mama akadhani ni furaha. Ama kweli, mapenzi nayo yana upofu wake!

Wiki iliyofuata afisa akarudi. Safari hii alivuta kigoda, akakaa karibu na Fundi.

"Dada, nisamehe. Darasani nilieleza habari zako. Mwalimu akanikalisha kitini nijifanye mgonjwa, akanikataza kusema. Wenzangu wakapanga maisha yangu mbele yangu. Eti nikafuge kuku! Na mimi kuku nawaogopa!"

Fundi akaangua kicheko. Mama alikuwa amekisahau kicheko kile.

"Niliumia, dada. Mwalimu akasema, 'Sasa umejua. Mpango huanza na mwenye maisha.' Haya, unataka nini?"

"Anataka..." mama akadakia.

"Samahani mama, nimsikie mwenyewe."

Fundi akaitazama cherehani. "Kituoni siendi. Nataka kushona. Ila miguu haikanyagi tena."

"Na mikono?"

"Mizima kabisa!"

Mama aliona haya. Kumbe hajawahi kumuuliza!

Wakapanga wote watatu. Cherehani ikafungwa mpini wa kuzungusha kwa mkono. Seremala akaishusha meza. Mtaalamu wa mazoezi akamfundisha Fundi kuhama kitandani hadi kitini. Afisa naye hakupotea. Alikuja kuuliza kipi kimekwama, kwani chuoni walifundishwa kuwa kupanga ni mwanzo tu.

Siku moja jirani akaingia na kitambaa. Akamnong'oneza mama, "Ataweza kweli kumshonea binti yangu gauni?"

Mama akafumbua mdomo, akaufumba. "Ana kinywa chake. Muulize."

"Naweza," Fundi akasema, mkono uko kwenye mpini. "Ila mlete mwenyewe nimpime. Mimi sipimi mtu kwa mdomo wa mama yake."

Mama akacheka mpaka akashika mbavu.