Kikombe cha Kwanza cha Nyamaza

Mwanangu aliacha kulia. Ndivyo ilivyoanza, na mimi mjinga nikamshukuru Mungu, maana kichanga aliyekuwa akipasua masikio ya majirani sasa analala fofofo mpaka jua liko utosini. Hata ziwa langu halitaki, lakini ananenepa. Kisha nikainama nimbusu. Kinywa chake kilinuka Nyamaza.

Nyamaza ni pombe ya ukoo wa mume wangu. Bibi yake ndiye aliyeipika kwanza, alipofiwa na kifungua mimba wake na kilio kikakataa kukoma. Mama mkwe husema alikuja mwanamke asiye na kivuli, naye kafiwa na mtoto, akaketi jikoni akamfundisha kuchachusha ndizi na asali, kuchemsha, kuukamata mvuke kwenye mrija mpaka utone. Bibi akanywa, akanyamaza. Malipo yalikuwa kikombe cha kwanza cha kila mpiko: kinamwagwa jivuni, unageuza uso, unasema, "Chako hiki, mama. Wetu tuachie."

Macho ya mama mkwe yalipoingia ukungu, mume wangu akarithi mtambo. Akaanza kuchanganya: Nyamaza na tangawizi, Nyamaza na ndimu, na ile ya ukwaju na asali ambayo wateja waliibatiza Bembea.

"Bembea yako jana imenipeleka kwa jirani!" fundi viatu alimwambia.

"Ukarudi?"

"Nilirudishwa!"

Tulicheka sana siku hiyo.

Sasa, harufu ile ikiwa bado puani, nilimfuata mume wangu mtamboni, mtoto mgongoni. "Baba watoto, kikombe cha kwanza unamwaga?"

"Kile ndicho kikali kuliko vyote, mke wangu. Jivu lina koo?"

"Unakipeleka wapi?"

"Kwenye Bembea. Si ndiyo maana wanaipenda?"

Mama mkwe alisikia akiwa mkekani. "Niletee mjukuu wangu," akanong'ona. Akamnusa kinywa, machozi yakamtiririka. "Mmemnyima chake, mwanangu. Kaja kuchukua chenu. Anamnyonyesha."

Nikakumbuka mchana mmoja naanua nguo, nikasikia ndani mtu anabembeleza kwa sauti nzito kama chungu kinachotokota, nikadhani ni mama mkwe, na mama mkwe alikuwa nje, nyuma yangu, ananishikia vibanio.

Mume wangu alimwaga mpiko mzima jivuni, na mitungi yote ya Bembea, analia kama mtoto, na mama mkwe akapiga magoti akaomba radhi, akamsihi yule mwanamke asiye na kivuli aondoke, akamtaja marehemu bibi, mpaka jivu likafuka, mlango ukajibamiza wenyewe, na ile harufu ikakatika.

Mwanangu akalia. Jamani, tulivyokumbatiana!

Lakini ziwa langu hakulitaka bado. Nikampa, akageuza uso. Nikakamulia kwenye kijiko, akatema. Maziwa ya kopo, akatema. Mashavu yakabonyea, mbavu zikahesabika, sauti ikawa nyembamba kama uzi, na daktari akasema haoni ugonjwa, na kila alipolia alilia ameelekea jikoni.

Leo mume wangu katoka, mama mkwe kasinzia. Nimembeba mwanangu mpaka jikoni. Nimemlaza kwenye kanga, kando ya jivu, nikageuza uso kama inavyotakiwa.

"Chako hiki, mama," nikasema. Yale mengine, "Wetu tuachie," sikuyasema.

Mtoto akanyamaza. Kisha nikasikia, taratibu, ananyonya.