Jibu Nililompa Mgeni

Kila Jumamosi na Jumanne, baada ya sala ya alasiri, nilimshika mkono mdogo wangu Saeed tukaenda darasani kwa Bi Mwanamize. Njia yetu ilipita mbele ya maduka ya magari ya Wattaya, jijini Maskati, Omani, na Saeed hakupita kioo hata kimoja bila kusimama.

"Dada Muhsina, gari hii nyeupe nitamnunulia Bibi."

"Twende zetu, tajiri. Tunachelewa."

Na kweli, tulichelewa kila siku.

Darasa lenyewe lilikuwa chumba kimoja tu, mali ya kamati ya mtaa. Ndani mlikuwa na ubao, mikeka miwili na wanafunzi kumi na mmoja. Ilikuwa mwaka 1998, nami nilikuwa na miaka kumi na miwili. Asubuhi tulisoma skuli ya serikali kwa Kiarabu, kama watoto wote wa Maskati. Lakini wazee wetu walitoka Unguja na Pemba, na nyumbani tulisema Kiswahili kutwa kucha. Kwa Bi Mwanamize ndiko tulikojifunza kukisoma na kukiandika. Hapakuwa na darasa jingine la namna hiyo mtaani kwetu.

Bi Mwanamize alikuwa mwembamba, mkali wa macho, mwepesi wa kucheka. Kabla ya somo, kila mtoto alitoa habari ya nyumbani kwa sentensi tatu. Saeed, aliyekuwa na miaka saba, hakujua kuficha kitu.

"Jana Baba amegombana na paka," alisema siku moja. "Paka amekula samaki wake. Mama amesema paka ana haki."

Bi Mwanamize alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio.

Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wa darasa. Nyumbani pia nilikuwa na kazi yangu. Bibi yetu, Bibi Semeni, alijua kusoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa utotoni. Herufi za kizungu hakuzijua. Barua za dada yake aliyebaki Unguja ziliandikwa na wajukuu wa dada huyo, nao hawakujua herufi nyingine ila hizo za kizungu. Basi barua ikifika, Bibi aliniita, akaketi kitandani, akafunga macho.

"Haya soma, mama. Polepole. Usinirukie salamu hata moja."

Ungedhani mtoto mwenye kazi hiyo angejivunia lugha yake. Mimi niliionea haya, na nitasema kwa nini. Siku moja skuli, mwalimu wa hesabu aliniuliza swali ghafla. Nilibabaika nikamjibu kwa Kiswahili, "Sijui!" Darasa zima liliangua kicheko. Msichana mmoja, Nasriya, akaanza kuniita Sijui, na jina likanigandia. "Sijui, nipe kifutio." "Sijui, njoo ucheze." Tangu hapo nikaapa kwamba hakuna mtu wa skuli atakayenisikia tena nikisema Kiswahili.

Mwezi wa Novemba, Bi Mwanamize alituambia kuwa kamati itamtuma mtu kuja kututazama. Walikuwapo watu waliotaka chumba kile kiwe cha mafunzo ya kompyuta.

"Atakuulizeni maneno mawili matatu," alisema. "Mjibuni kwa adabu. Akiona darasa lina faida, tutabaki. Akiona halina, watalifunga."

Alitabasamu aliposema hivyo, lakini chaki ilimkatikia mkononi.

Mgeni alifika Jumanne iliyofuata. Aliitwa Ustadh Mahfoudh, mtu wa makamo, kanzu yake nyeupe pe, faili kwapani. Bi Mwanamize alimkaribisha kwa halwa na kahawa. Mlangoni alisimama binti ya mgeni, aliyekuja na baba yake. Nilipomtazama vizuri, loh! Alikuwa Nasriya.

Ustadh alituuliza kwa Kiarabu, "Watoto, nyumbani mnasema lugha gani?"

Wenzangu wote walinigeukia. Nikamwona Nasriya akinitazama, midomo yake imeshaanza kucheka. Nikasimama, nikajibu kwa Kiarabu kizuri kuliko vyote nilivyopata kusema:

"Kiarabu tu, Ustadh. Kiswahili ni cha mabibi. Sisi hatukihitaji."

Sisi tumelelewa hivi: mkubwa akishasema mbele ya mgeni, mdogo hamkosoi. Akaulizwa wa pili, akasema Kiarabu. Wa tatu naye Kiarabu. Saeed, ambaye hata usingizini huropoka kwa Kiswahili, alinitazama kwanza, akasema Kiarabu. Bi Mwanamize naye aliinamia birika la kahawa, akanyamaza, kwani kwetu mtu mzima hamuumbui mtoto mbele ya mgeni. Ustadh aliandika yote. Akamaliza kahawa, akatikisa kikombe kuonyesha ametosheka, akaaga.

Baada ya wiki mbili barua ya kamati ilifika. Bi Mwanamize alitusomea akiwa amesimama.

"Kwa kuwa watoto wenyewe wamesema hawaihitaji lugha hii," alisoma, "darasa litafungwa mwisho wa mwezi."

Kisha Saeed akauliza kwa sauti, "Dada, kwani sisi tulisema hivyo?"

Nilirudi nyumbani nikilia njia nzima. Nilijitupa miguuni pa Bibi nikamweleza kila kitu, tangu jina la Sijui hadi jibu nililompa mgeni. Bibi hakunigombeza. Alinipapasa kichwa kwa muda mrefu.

"Tuliambiwa majuto ni mjukuu," alisema, "na leo yamenijia na mjukuu wangu mwenyewe. Inuka, nawa uso. Nipe buibui langu. Nna magoti mabovu, lakini kwa huyo Ustadh nitafika."

Tulimkuta Ustadh Mahfoudh nyumbani kwake, Nasriya ameketi pembeni na madaftari yake. Nilisema yote mbele yao, tena kwa Kiswahili, ili pasiwe na shaka yoyote.

"Nilikudanganya, Ustadh. Nyumbani tunasema Kiswahili. Wenzangu walinifuata mimi tu. Usiwafungie darasa kwa kosa langu."

Ustadh alivua miwani. Alipojibu, alijibu kwa Kiswahili cha Pemba kitupu.

"Mwanangu, mimi mama yangu alinilea kwa lugha hii. Wallahi, nilikuja pale nikiomba mtoto mmoja tu aniambie anaisema. Kamati iliniuliza watoto wamesema nini. Ningewajibu nini?"

"Na sasa?" Bibi aliuliza.

"Sasa mkataba wa kompyuta umeshatiwa saini, Bibi. Nitawaeleza kesho, lakini sitaki kukudanganyeni. Hawatarudi nyuma."

Nasriya alikuwa ameacha kuandika. "Baba," alisema kwa Kiarabu, taratibu, "kumbe wewe unakijua?"

Baba yake alivaa miwani akatazama sakafu.

Ustadh alikwenda kuwaeleza kama alivyoahidi, na kamati ilikataa kama alivyotuonya. Jumanne ya mwisho tulikuta ubao umeshashushwa, umeegemezwa ukutani. Bi Mwanamize alikuwa anahamia Sohar, mji mwingine wa mbali, kwa binti yake. Alikuwa amebaki Maskati kwa ajili ya darasa lile tu.

Nilisimama mbele ya wote nikakiri kosa langu, nikawaomba radhi. Nilitaka Bi Mwanamize anichape. Badala yake alinivuta karibu.

"Nisikilizeni nyote," alisema. "Muhsina alisema uongo kwa sababu ya haya, akidhani ni kijineno tu. Lakini mkubwa hasemi peke yake, kwa sababu wadogo wako nyuma yake wanamfuata. Kwa hiyo mkubwa lazima aseme kweli, hata kama uso unamuwaka. Na mimi ni mkubwa kuliko yeye. Nilisikia uongo nikanyamaza, nikasema ni adabu. Adabu haimkatazi mtu kusema kweli. Tumekosa sote wawili, na nyinyi ndio mliopoteza. Msije mkafanya kama sisi."

Akanipa kopo la chaki, kisha daftari la Saeed, akiwa ameliwekea alama ya uzi mwekundu.

"Huyu amefika hapa," alisema. "Usimwache hapa."

Tulimsindikiza hadi kwenye gari ya mkwewe. Saeed alikimbia nyuma ya gari hiyo mpaka ilipopinda kona ya maduka, na siku hiyo hakusimama kwenye kioo chochote. Nilimkuta ameketi ukingoni mwa njia, analia kwa kwikwi. Nami nikaketi, tukalia pamoja.

Jumamosi, baada ya alasiri, Saeed alivaa viatu akaja kunishika mkono, kwa mazoea. Nikamwambia avivue. Nilimpeleka chumbani kwa Bibi, nikafunga mlango wa kabati ili niutumie kuwa ubao, nikachukua chaki.

"Kwanza habari ya nyumbani," nilisema. "Sentensi tatu."

Saeed alifikiri.

"Dada yangu alisema uongo," alianza. "Halafu akasema kweli." Akamtazama Bibi. "Lakini Bi Mwanamize amekwisha kwenda."

Nyuma yangu Bibi alikuwa amefunga macho, kama asikilizavyo barua.

"Ziandike, mama," alisema. "Zote tatu. Usiruke hata moja, naye azisome."

Nikaziandika kwenye mlango wa kabati. Saeed alizisoma zote, neno kwa neno, akiweka kidole chini ya kila herufi.